Siku Maji Yalipotulia Kupita Kiasi

Zaina mwanangu,

Jana ulipokuwa unakunja nguo zako uliniuliza swali moja bila kuinua kichwa. Ulisema, "Baba, ile siku ya mawese, ulisikia?" Nami nikasema, "Apana." Nilijibu upesi, kama mtu anayefukuza nzi. Ukaendelea kukunja nguo. Hukurudia, na najua hutarudia, maana hivyo ndivyo nilivyokulea: kuuliza mara moja, kwa sauti ndogo, kisha kunyamaza.

Asubuhi unapanda gari la Kigoma, na kutoka huko treni ya Dar es Salaam. Habari za pasipoti, za ndagala, wale dagaa wakavu, waliofungwa kwenye karatasi, za kutokuonyesha fedha njiani, mama yako amekwisha kuzisema na atazisema tena mlangoni. Mimi sina la kuongeza hapo. Ninalodaiwa ni jibu la swali lako. Ningeweza kuliandika kwa neno moja nikaenda kulala, lakini neno hilo likisimama peke yake litakuwa uongo wa pili. Kwa hiyo nivumilie.

Hukumbuki sana jinsi ulivyokuwa kule Kamenge, mtaa wetu wa kabla ya vita. Ulikuwa mtoto wa kelele. Mvua ikinyesha ulichukua sufuria na kijiko ukashindana na mabati, na mama yako akikufukuza kutoka baraza moja ulihamia nyingine. Wauza mkaa walipopita ulirudia kilio chao mpaka wakageuka kutazama ni nani anayewaharibia biashara. Nilikuwa nasikia sauti yako kutoka njia panda, nikajua nyumba ipo na watu wake wapo.

Kisha vita vikafika, tukakimbia. Kwangu ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza nilikuwa kijana, nikavuka mpaka hadi Uvira na kitabu kimoja cha hesabu ndani ya shati. Safari hii nilikuwa mtu mzima mwenye mvi, na tulipofika hapa Buyenzi katika vyumba hivi viwili vya kupanga, niligundua kwamba sina hamu ya nyumba tena, wala shamba, wala jina. Nilitaka kitu kimoja tu katika dunia hii kisitikisike. Nakueleza haya upate kujua yalikotoka. Usiyachukue kuwa utetezi.

Unaijua mashine ile ya kupima maji, umekua nayo kama watoto wengine wanavyokua na mbuzi uani. Lakini sikuwahi kukueleza vizuri nilikuwa natafuta nini, nawe unaenda kusoma fizikia, utayakuta mbele. Chukua sahani ya maji, iweke mahali pasipo upepo, isubiri. Utasema maji yametulia. Hayajatulia. Joto lake lenyewe linayasukuma kutoka ndani, na usoni mwake hupita mawimbi madogo mno ambayo jicho haliwezi kuyaona, yakizaliwa na kufa bila kukoma. Ukiangusha mwale wa leza juu ya uso huo, nuru iliyo nyingi hurudi ikawa doa jekundu ukutani, na nuru kidogo sana hutawanyika kandokando ya doa kama vumbi. Hiyo kidogo ndiyo yenye habari. Hupepesa kwa kufuata mwendo wa mawimbi, na ukiipokea kwa chombo kinachofuatilia kule kupepesa, utajua mawimbi yanakwenda kasi gani na yanaishi muda gani kabla ya kufa. Kasi yake inakuambia uso umekazika kiasi gani. Kufa kwake kunakuambia kama maji ni mazito, au kama kuna kitu kimeyafunika.

Hili la mwisho nilikuwa nalisema kila mwaka mbele ya wanafunzi, chuo kilipokuwa bado kinapitika. Alama ya kidole inatosha. Mafuta ya ngozi hutanda juu ya maji, utando usioonekana, na mawimbi hufa upesi. "Uso ukitulia kupita kiasi," nilikuwa nawaambia, "msifurahi. Umechafuka." Nililisema kwa sauti ya mtu anayejua.

Barabara ya chuo ilipokuwa ya risasi, niliruhusiwa kuihamishia mashine nyumbani kabla haijaibwa. Bwana Salim jirani yetu, ambaye babu yake alitoka Oman akafungua duka la vitambaa hapa mtaani, alikuwa anavunja kaunta yake ya zamani. Akanipa bamba lake la jiwe. Nilinunua mipira ya magurudumu Gatumba, nikaijaza upepo nusu, nikalaza bamba juu yake ili mtikisiko wa sakafu usipande. Bwana Salim alikuja kutazama jiwe lake limepata kazi gani. Alikaa kidogo, akatazama sahani, akanitazama mimi.

"Mwalimu," akasema, "hii maji unaichunga sawa ng'ombe. Itazaa lini?"

Mama yako alicheka mpaka akashika ukuta. Wewe ulicheka kwa kuwa mama alicheka. Ilikuwa moja ya mara za mwisho watu kucheka kwa sauti katika chumba kile.

Mipira ilizuia mengi, lakini haikuzuia yote. Nilichagua saa za kupumzika mchana, maofisi yakiwa yamefungwa na magari yamepungua. Hiyo ndiyo saa wanawake wanapotwanga sombe, majani ya mihogo. Kila mchi ulipotua kinuni, mchoro wangu, ule mstari unaoandikwa na kalamu ya mashine, uliruka. Nikamwomba mama yako asitwange. Kisha nikamwambia asitwange. Alisimama mlangoni na mchi mkononi.

"Baba Zaina, mizinga iko napiga kule ku milima, haikuombi ruhusa. Ni kinu yangu tu ndio unaona?"

"Mizinga siwezi kuizuia," nikasema.

"Aa. Kumbe ni mimi unaweza."

Akabeba majani na kinu chake kwa mke wa Bwana Salim, na tangu siku hiyo sombe ya nyumba hii imetwangwa uani kwa watu. Nilimsikia akienda. Nikaona kwamba tatizo limekwisha.

Baadaye nilitundika kipande cha kitenge chekundu langoni. Kikiwepo, baba anapima. Watu wa mtaa huu, ambao hawapiti mlango wa mtu bila hodi, walijifunza kunong'ona hodi, kisha wakajifunza kutokuja. Watoto wenzako wakaiita nyumba yetu nyumba ya mabubu. Wewe uliwajibu mara moja, nilikusikia, "Apana mabubu! Baba anapima!" halafu ukajiziba mdomo kwa mikono miwili kwa sababu ulikuwa umepaza sauti. Nilikuwa dirishani. Nilipendezwa. Mungu anisamehe, nilipendezwa na mikono ile miwili mdomoni.

Ulijifunza kutembea kwa ncha za vidole. Ulijifunza kuweka kikombe mezani kwa kutanguliza kidole kidogo chini yake. Ulikuwa darasa la pili. Wageni wachache waliofika walisema, "Huyu mutoto ana adabu!" nami niliinamisha kichwa kama baba aliyefanya kazi nzuri.

Sasa nafika.

Mama yako alikuwa ameenda kutwanga. Alikuachia imbabura, lile jiko la makaa, pale barazani nyuma ya chumba changu, na juu yake sufuria ya mawese, uangalie yasiungue. Kifuniko kilikuwa na maji kidogo. Mafuta yalipopata moto, kifuniko kikaanza kugongagonga. Hili mama yako ndiye aliyenisimulia, kwa maana wewe ulimweleza yeye: hukuogopa moto. Uliogopa kifuniko. Ulifikiri mgongano ule mdogo utafika kwenye maji ya baba. Ukataka kuishusha sufuria taratibu, isifanye kelele.

Mimi nilikuwa ndani. Mchoro ulikuwa unaandikwa vizuri kuliko siku zote. Ghafla kalamu ya mashine ikaruka.

Nilikuwa nimezoea kuruka kwake, Zaina. Kombora likianguka upande wa Kinama au Carama, mstari hupanda polepole, hupanda sana, kisha huchukua muda kurudi. Lori likipita, mstari hutetemeka kama mtu mwenye homa. Nilikuwa nazijua sauti za vita kwa maumbo yake. Ule mruko haukuwa wa kombora wala wa lori. Ulikuwa mdogo, mkali, wa karibu. Na masikio yangu, ambayo hayana ubovu wowote, yalisikia bati likigonga saruji upande wa pili wa ukuta.

Nilisikia. Hilo ndilo jibu.

Nilisikia, nikainua kichwa, nikangoja. Nilikuwa nangoja ulie. Nilijiambia, akilia, nitatoka. Mtoto akiumia hulia. Kila mtu anajua hivyo. Hukulia. Nikauchukua ukimya wako kuwa ruhusa, nikarudisha macho kwenye karatasi.

Na hapo mstari ukatulia. Haukutulia mara moja; ulitulia kidogo kidogo, ukawa laini, mzuri, mpana, mchoro ambao sikuwahi kuupata katika maisha yangu yote ya kazi. Harufu ya mawese yaliyoungua iliingia chini ya mlango. Niliisikia pia. Nilifikiri, mama Zaina ameunguza chakula. Niliandika mpaka mwisho wa karatasi.

Nilipofungua mlango nilikuwa natabasamu. Wewe ulikuwa umeketi umeegemea ukuta, mkono wa kushoto umeuweka juu ya goti mbali nawe kana kwamba ni wa mtu mwingine, na pindo la gauni umelijaza mdomoni. Makaa yalikuwa bado yanatoa moshi mzito pale mafuta yalipomwagikia. Ulinitazama. Ukatoa nguo mdomoni kwa mkono mzima, ukaniuliza, kwa kunong'ona:

"Baba, umemaliza?"

Nilikubeba mikononi hadi dispensari.

Kule dispensari yule muuguzi mnene alikuosha, na watu wazima waliokuwa kwenye benchi waligeuza nyuso. Wewe ulikuwa unatetemeka tu. Akasema, "Huyu mutoto haweze kulia? Lia, mama, lia, itakusaidia." Wewe hukumtazama yeye. Ulinitazama mimi. Ulikuwa unaomba ruhusa. Nami, mbele ya benchi zima, nilitikisa kichwa tu kukubali. Ndipo ukalia, na ulilia kwa adabu.

Mama yako alitukuta nyumbani jioni, amekwisha kuambiwa na mtaa mzima. Alikuchukua, akakulaza, akarudi akasimama pale pale aliposimama siku ya mchi.

"Baba Zaina. Maji yako iko muzima?"

Yalikuwa mazima. Hilo ndilo lililonitia aibu zaidi, au nilidhani hivyo, kwa sababu sikujua bado kwamba hayakuwa mazima hata kidogo.

Mchoro ule niliutuma Ulaya, kwa mwalimu wangu wa zamani. Alijibu kwa furaha. Alisema hajui ni vipi mtu aliye katikati ya vita anaweza kupata uso uliotulia namna ile. Chuo kikasikia, kikanipandisha cheo. Wewe ulikuwa na bandeji mpaka begani, na mimi watu walikuwa wananipa mkono wa pongezi langoni, chini ya kitenge chekundu. Nilisifiwa kwa utulivu, Zaina, na utulivu ulikuwa wako.

Kisha sikuweza kuupata tena. Nilibadilisha maji, nikasugua sahani, nikapima siku nenda siku rudi. Mawimbi yaliishi muda wake wa kawaida, hayakutaka kufa upesi kama siku ile. Nililaumu umeme. Nililaumu kioo. Mpaka siku moja mama yako aliunguza tena mawese kidogo, uani, na harufu ikanijia nikiwa nimeshika sahani mkononi, nikaikumbuka harufu ya siku ile.

Nilifanya kile ambacho mtu wa kazi yangu hufanya. Nilichukua kijiko cha mawese, nikakiunguza juu ya makaa nje ya mlango, nikaacha moshi upite chini yake kama siku ile, nikapima. Mchoro ukatoka ule ule. Mstari laini, mzuri, mpana. Moshi wa mafuta yaliyokuunguza ulikuwa umeingia chumbani na kutanda juu ya maji, na mawimbi yakafa. Maji yalikuwa yananiambia. Mimi ndiye niliyekuwa nimefundisha watu wazima kwa miaka mingi kwamba uso uliotulia kupita kiasi umefunikwa na kitu, na siku maji yaliponionyesha mwanangu anaungua nyuma ya ukuta, niliona uzuri.

Ungedhani hapo ndipo nilipokuja kwako. Sikuja. Niliandika makala ya pili, ya kurekebisha ile ya kwanza. Nilieleza juu ya utando wa moshi wa mawese na jinsi unavyoua mawimbi. Nikasifiwa tena, safari hii kwa ukweli wangu. Walisema si kila mtaalamu ana ujasiri wa kukosoa kazi yake mwenyewe. Na katika makala hiyo, pale ilipobidi kueleza moshi ulitoka wapi, niliandika kwa Kifaransa kizuri: kutokana na ajali ndogo ya jikoni.

Ajali ndogo. Ndiyo sehemu pekee katika kazi yangu yote unapotajwa, na hata hapo hakuna jina wala mkono.

Umevaa mikono mirefu tangu hapo. Watu wa msikitini wanaisifu staha yako, na wewe huwakatalii. Najua ni kovu unalificha, na sijawahi kuomba kulitazama. Nimekaa nalo nyumba moja miaka yote hii kama mpangaji anayekwepa mwenye nyumba.

Nadhani najua kwa nini uliuliza jana. Mama yako aliniambia, si kwa kunisengenya, bali kwa kuchoka: kwamba mpaka leo unaamini kosa lilikuwa lako. Kwamba ungegonga mlango, baba angetoka. Kwamba ungelia, baba angesikia. Umejenga hivyo ili mimi nibaki mtu mwema ambaye hakusikia. Nami jana, ulipoufungua mlango huo kwa maneno machache, niliurudisha kwa "apana" moja, nikakuacha uondoke na mzigo wangu juu ya mzigo wako.

Uushushe. Hukuwa na haja ya kugonga. Nilikuwa nimesikia. Hata ungenyamaza mara mia, mtu mzima aliyekuwa ndani alikuwa amesikia, na alikuwa na miguu.

Sikuandikii ili unisamehe kabla ya gari kuondoka. Hilo litakuwa kukutumia tena kunitulizia jambo. Ukitaka kunikasirikia huko Dar es Salaam, nikasirikie kwa nafasi, na ukitaka kuniandikia ukiwa na hasira, niandikie. Nitasoma mpaka mwisho. Kazi utakayokwenda kuisoma ni nzuri, sijaacha kuipenda. Siku utakapokuwa na meza yako na mlango wako, utajua mwenyewe cha kufanya na mlango. Mimi si mtu wa kukushauri juu ya milango.

Leo alasiri nilikishusha kitenge. Kilikuwa kimepauka, karibu cheupe. Nadhani wewe na mama yako hamkukiona tena, mlikiona kama sehemu ya lango. Mke wa Bwana Salim alinikuta nimekishika. Nikamwomba kinu chetu.

"Kinu ya nini, Mwalimu?"

"Ya kutwanga."

"Nani atatwanga?"

"Mimi."

Alimwita mumewe aje ashuhudie. Bwana Salim alisimama mlangoni na kikombe chake cha kahawa. "Mwalimu," akasema, "ile maji ilikataa kuzaa, sasa unahamia ku majani?" Walicheka sana, wote wawili, mchana kweupe, mbele ya lango letu, kwa sauti. Sikuwazuia. Bwana Salim alinisaidia kukibeba kinu, maana ni kizito kuliko nilivyofikiri. Sikuwahi kukishika.

Kiko chumbani kwangu sasa. Majani ya mihogo yako kwenye beseni, mama yako ameyachambua bila kuniuliza, kisha akanionyesha jinsi ya kushika mchi, akaniambia nitachoka kabla hayajalainika. Mashine nimeisogeza ukutani. Sahani iko wazi juu ya bamba la Bwana Salim, na ndani yake nimeacha maji.

Nataka ule sombe iliyotwangwa katika nyumba hii kabla hujatoka ndani yake. Kwa hiyo alfajiri, ukisikia kishindo upande wa pili wa ukuta, usishtuke na usijifiche chini ya kitanda. Si vita. Ni baba yako anatwanga. Inuka tu, vaa viatu vyako vigumu vya safari, uje ukikanyaga kwa kishindo.

Baba yako